Wapewe hisabati ya fedha, si ndoto za foreksi

Yeyote aliyepita karibu na malango ya vyuo vikuu vyetu katika miaka hii ya karibuni bila shaka ameyaona matangazo yale. Hubandikwa kwenye nguzo za stima, kwenye kuta za vibanda vya kupigia chapa na hata juu ya milango ya mabweni, yakimwahidi mwanafunzi kwamba atafunzwa biashara ya sarafu za kigeni kwa majuma mawili tu, na kwamba baada ya hapo simu yake ya mkononi itakuwa ikimwingizia dola hata akiwa amelala. Nimeyasoma mengi. Sijaona hata moja lililotaja neno hisabati.

Wakati wa likizo iliyopita alinijia nyumbani kijana mmoja niliyemfunza kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, ambaye sasa yumo katika mwaka wa pili wa shahada ya hisabati na takwimu. Nilipomwona amesimama langoni bila ya kubisha hodi nilijua kwamba amebeba mzigo. Mama yake, ambaye ni mjane, alikuwa ameuza mtamba ili mwana alipe karo. Kati ya shilingi 62,000 zilizopatikana, kijana alimlipa mmoja wa hao wanaojiita walimu wa foreksi shilingi 15,000, na zilizosalia akaziweka katika akaunti ya biashara. Ziliisha kwa siku tisa. Mama bado hajui. "Mwalimu," aliniuliza huku akitazama chini, "kumbe hii hisabati ya fedha tunayosomeshwa ni uongo mtupu?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo, kwani nina hakika kwamba si yeye peke yake anayelibeba.

Nilimjibu kwamba hisabati ya fedha si uongo, ila yeye hakuwa ameifanya. Alichokuwa amekifanya ni kamari iliyovishwa suti. Nilichukua karatasi nikamwonyesha. Dalali alikuwa amemruhusu kuendesha fedha mara 100 ya zile alizoweka, yaani kwa shilingi 47,000 zake alikuwa ameshikilia dau la shilingi 4,700,000. Asilimia moja ya kiasi hicho ni ngapi? Ni zile zile 47,000. Kwa hivyo sarafu aliyoinunua ilihitaji kushuka kwa asilimia moja tu ili mtamba wa mama yake aangamie, na sarafu hupanda na kushuka kwa kiasi hicho katika juma la kawaida kabisa. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kijana wa chuo kikuu hakuifanya kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba mahali pa kuifanya ni pale.

Sisemi kwamba biashara ya sarafu ni haramu. Kanuni zake zilitolewa mwaka wa 2017, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndiyo inayotoa leseni kwa madalali wanaostahili. Lakini leseni ya dalali haimhakikishii mteja faida, na ajabu ni kwamba hao wanaouza "masomo" aghalabu si madalali wala si wasomi. Wanachokiuza ni matumaini, na soko la matumaini katika nchi yenye vijana wengi wasio na kazi halikosi wanunuzi.

Basi hisabati ya fedha ni kitu gani? Huko London, New York, Chicago, Amsterdam, Hong Kong na Singapore wapo watu ambao riziki yao ya kila siku ni hiyo, nao huitwa kwanti. Mmoja hupiga hesabu ya bei ya mikataba, mwingine hukadiria hasara ambayo benki inaweza kuipata iwapo riba itapanda ghafla, mwingine huandika programu za kompyuta zinazonunua na kuuza hisa kwa kufuata kanuni zilizojaribiwa kwa takwimu za miaka mingi. Wengi wao hawakuanza kama wafanyabiashara. James Simons, aliyefariki Mei 2024, alikuwa mwanahisabati wa jiometria aliyeheshimika kabla ya kuunda kampuni ya Renaissance Technologies mwaka wa 1982. Emanuel Derman alizaliwa hapa Afrika, mjini Cape Town, akasomea fizikia katika chuo kikuu cha huko kabla ya kwenda Marekani, na alikuwa amefanya utafiti wa fizikia kwa miaka mingi alipojiunga na benki ya Goldman Sachs mwaka wa 1985. Kitabu chake kuhusu safari hiyo, My Life as a Quant, kilichapishwa mwaka wa 2004. Ningependa kila mwanafunzi anayevutiwa na kazi hii akisome kabla ya kitabu chochote chenye fomula, maana hakifichi uchovu wala mashaka yaliyomo ndani yake.

Historia yenyewe ni ya kushangaza. Mnamo mwaka wa 1900 Mfaransa Louis Bachelier aliwasilisha tasnifu yake ya uzamifu mjini Paris, akieleza kupanda na kushuka kwa bei katika soko la hisa kwa kutumia nadharia ya uwezekano. Miaka mitano baadaye Albert Einstein alitumia hisabati inayofanana na hiyo kueleza jinsi chembechembe ndogo zinavyotangatanga ndani ya maji. Kazi ya Bachelier ilisahauliwa na wengi kwa takriban nusu karne. Kisha mwaka wa 1973 Fischer Black na Myron Scholes walichapisha fomula yao ya kukadiria bei ya mikataba ya opsheni, na Robert Merton naye akachapisha yake kuhusu jambo lilo hilo. Mwaka huo huo soko la kwanza rasmi la mikataba hiyo lilifunguliwa Chicago. Scholes na Merton walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 1997. Black alikuwa amefariki miaka miwili kabla.

Wapo watakaosema kwamba mambo hayo ni mazito mno kwa wanafunzi wetu. Mimi nakataa, na ili nisionekane nabwabwaja, nitatoa mfano niliompa yule kijana pale mezani.

Tuseme gunia la mahindi la kilo 90 linauzwa Kitale kwa shilingi 3,000 leo. Tuseme pia, ili hesabu iwe nyepesi, kwamba baada ya miezi mitatu bei itakuwa moja kati ya mbili: ama 3,600 ama 2,700. Mwenye kinu cha kusaga anakujia akitaka umwuzie haki, si mahindi. Haki yenyewe ni kwamba miezi mitatu baadaye ataweza kununua gunia kwako kwa shilingi 3,000 akipenda. Asipopenda, ataacha, wala huwezi kumlazimisha. Hiyo ndiyo opsheni. Utamtoza shilingi ngapi?

Karibu kila mwanafunzi huuliza papo hapo: kuna uwezekano gani wa bei kupanda? Ni swali la busara, lakini hapa halihitajiki. Mwuzie haki tatu, kisha nunua magunia mawili uyaweke ghalani. Bei ikipanda, magunia yako yatakuwa na thamani ya shilingi 7,200, nawe utalazimika kumfidia mwenye kinu tofauti ya shilingi 600 kwa kila haki, yaani 1,800. Utabaki na 5,400. Bei ikishuka, mwenye kinu atazitupa haki zake kwa kuwa hazina faida tena, nawe utakuwa na magunia mawili ya shilingi 2,700 kila moja. Hiyo pia ni 5,400. Lije jua, ije mvua, unabaki na kiasi kile kile. Magunia mawili yalikugharimu 6,000. Kwa hivyo haki tatu sharti zikuletee zile shilingi 600 zilizopungua, yaani shilingi 200 kwa kila haki. Ukitoza zaidi ya hapo umejipatia faida isiyo na hatari, na mwenzako atakuja kuuza kwa bei ya chini kuliko yako. Ukitoza pungufu, umejitakia hasara ya hakika.

Nimeacha makusudi riba ya benki, kodi ya ghala na dumuzi. Ukiviongeza hesabu itarefuka bila ya kiini chake kubadilika. Mwaka wa 1979 wasomi watatu, Cox, Ross na Rubinstein, walionyesha jinsi ya kuunganisha hatua nyingi kama hiyo moja mpaka zikakaribia fomula ya Black na Scholes. Kinachohitajika kuzihesabu ni upanuzi wa bainomia, mada ambayo mtaala wetu wa 8-4-4 uliifundisha katika kidato cha tatu. Nimeifundisha kwa zaidi ya miaka ishirini. Sikuwahi kumwambia mwanafunzi hata mmoja kwamba kuna watu mahali fulani wanaolipwa kwa kuitumia.

Na kwa kuwa nimeanza kuungama, wacha nimalize. Kila mwaka muhula wa pili ulipokuwa ukikaribia kwisha na mtihani wa mwigo ukibisha mlangoni, mada niliyoipitia mbiombio ilikuwa uwezekano. Niliwaambia wanafunzi wachore ule mti wa matawi, wazidishe, wajumlishe, wapate alama zao waende zao. Msichana mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini tunazidisha kando ya tawi lakini tunajumlisha baina ya matawi. Nilimwambia akariri tu. Nikikumbuka jibu hilo naona haya, maana katika kazi hii tunayoizungumzia, swali lake ndilo mlango wa nyumba nzima.

Mwajiri wa kazi hizo hamuulizi kijana amepata gredi gani ya kukariri. Humpa fumbo. Mojawapo linalojulikana sana ni hili: unarusha dadu mara moja, na unalipwa shilingi kwa idadi ya alama zitakazotokea, usiporidhika, unaruhusiwa kuirusha mara ya pili, lakini hapo lazima ukubali kitakachokuja. Je, ungelipa kiasi gani ili kushiriki mchezo huo? Wastani wa mrusho mmoja ni 3.5. Basi ukipata 4, 5 au 6 unabaki nayo, na wastani wa hizo tatu ni 5. Ukipata 1, 2 au 3 unarusha tena na kutarajia 3.5. Nusu ya 5 na nusu ya 3.5 ni 4.25. Hakuna fomula hapo, ila kufikiri kwa utaratibu. Vitabu vya mafumbo kama hayo vipo, na kile cha Xinfeng Zhou cha mwaka wa 2008 ndicho vijana wengi hukitumia kujiandaa kwa usaili. Ushauri wangu ni kwamba kisiguswe kabla ya kusoma uwezekano wenyewe, kwani anayekariri majibu hutambulika fumbo linapobadilishwa neno moja.

Nini basi kisomwe, na kwa mpango upi? Hapa nitasema kinaga ubaga, kwa maana ndipo vijana wanapopotezwa kwa kupewa orodha ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Kwanza uwezekano, kisha uwezekano, kisha uwezekano. Profesa Joe Blitzstein wa Chuo Kikuu cha Harvard ameweka mihadhara yake yote ya somo hilo kwenye intaneti bila malipo, na kitabu alichokiandika pamoja na mwenzake kinasomeka huko pia bila malipo. Mwanafunzi wa Lodwar au Lamu mwenye simu na bando anamsikiliza mhadhiri yule yule anayesikilizwa na mtoto wa tajiri wa Boston. Sambamba na hayo ajifunze aljebra ya matriki. Mihadhara ya Gilbert Strang wa MIT kuhusu somo hilo imewasaidia wengi kote ulimwenguni, na sijaona mwalimu mwingine anayefafanua jambo gumu kwa utulivu kama yule mzee. Chuo hicho hicho kilirekodi mwaka wa 2013 kozi nzima ya hisabati inavyotumiwa katika fedha, nayo i wazi kwa kila mtu.

Kompyuta haiepukiki. Lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka wa 1991, haiuzwi, na mtu anaweza kuipata na kuitumia bila ya kumwomba yeyote ruhusa. Kampuni zinazoshindana kwa kasi ya kununua na kuuza hutaka pia C++, lakini hiyo isubiri. Nawaomba walimu wa somo la kompyuta wasitosheke na kuwafunza watoto kupamba barua na kuchora majedwali. Mwambieni mtoto aandike programu ya kurusha ile dadu mara 100,000, aone kama wastani utakaribia 4.25. Siku atakapouona ukikaribia, hutahitaji kumhimiza tena.

Baada ya hayo, na si kabla, ndipo ashike kitabu cha John Hull kuhusu opsheni na mikataba mingine ya aina hiyo. Kimechapishwa tena na tena tangu miaka ya themanini na hupatikana katika maktaba nyingi za vyuo, japo nakala zenyewe huwa zimezeeka. Toleo la zamani halina ubaya, hesabu hazichachi. Kile cha Mark Joshi cha mwaka wa 2003 kinaeleza kwa nini mambo yako yalivyo, na juzuu mbili za Steven Shreve ni za yule ambaye tayari ana kalkulasi imara. Nimeona wanafunzi wakianza na Shreve ili waonekane mabingwa. Wanachoka ukurasa wa thelathini, kisha wanaamua kwamba hawana kipaji. Kipaji wanacho, ngazi ndiyo waliyoiparamia kutoka juu.

Kinachonikera zaidi ni dhana kwamba takwimu za kujifunzia ziko ng'ambo. Benki Kuu yetu hutangaza kila juma matokeo ya mnada wa hatifungani za muda mfupi za siku 91, 182 na 364, na mtu yeyote anaweza kuyasoma. Hatifungani hizo huuzwa kwa bei iliyopunguzwa. Tuseme riba ni asilimia 8 kwa mwaka: anayetaka kupokea shilingi 100 baada ya siku 91 atalipa leo shilingi 98 na senti 4. Mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kuikokotoa bei hiyo kwa kugawanya mia kwa moja na sehemu ya riba ya siku hizo. Kisha achore ruwaza ya riba za miaka kumi, ajiulize kwa nini serikali hulipa zaidi wakati fulani. Hali kadhalika bei za hisa za Soko la Hisa la Nairobi, lililoanzishwa mwaka wa 1954, huchapishwa magazetini. Na anayetaka mfano wa msukosuko asiende mbali. Mwanzoni mwa mwaka wa 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa karibu na 130. Waliokuwa wameficha dola chini ya godoro wakitarajia 200 wanaijua hadithi hiyo kuliko mimi.

Sitawadanganya vijana kuhusu ajira. Kazi zenye mishahara inayotajwa kwenye magazeti ya Uingereza na Marekani ni chache hata huko, na wanaozipata wengi wana shahada za uzamili au uzamifu kutoka vyuo vinavyojulikana. Hapa nyumbani soko la mikataba ya aina hiyo lilifunguliwa na Soko la Hisa la Nairobi Julai 2019, nalo bado ni changa. Hata hivyo itakuwa makosa kudhani kwamba Nairobi haina kazi ya hisabati. Tangu Januari 2018, kanuni mpya za uhasibu za kimataifa huzitaka benki zikadirie hasara za mikopo kabla hazijatokea, na makadirio hayo hayapatikani kwa kupiga ramli. Mikopo ya simu, iliyoenea baada ya M-Shwari kuanzishwa mwaka wa 2012, huamuliwa na hesabu za uwezekano: mfumo humkadiria mkopaji kabla ya kumpa au kumnyima. Kampuni za bima na hazina za malipo ya uzeeni zina hesabu zake pia. Kazi hizi hazina sifa za Chicago, lakini zinaamua ikiwa mama mboga atapata mkopo au la, nami ningependa anayezipiga awe mtu anayemjua mama mboga.

Kuhusu masomo ya juu, nawasihi wazazi wasikimbilie kuuza shamba. Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, iliyoanzishwa karibu na Cape Town mwaka wa 2003, ina vituo pia Senegal, Ghana, Cameroon na Rwanda, na imewasomesha vijana wengi wa bara hili shahada ya uzamili kwa ufadhili kamili. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Pan-Afrika kina taasisi yake ya sayansi katika chuo cha Jomo Kenyatta, Juja, ambako hisabati ya fedha husomwa. Kipo pia chuo cha WorldQuant, cha kwenye intaneti, kinachofunza uzamili wa uhandisi wa fedha bila kutoza karo. Wanaojiunga ni wengi kuliko wanaomaliza, kwani bure haimaanishi rahisi. Yule kijana hakuwa amesikia hata kimoja kati ya hivi vitatu. Matangazo yao hayabandikwi kwenye nguzo za stima.

Jambo jingine linanitia wasiwasi, na hili nawaambia walimu wenzangu na wakuu wa elimu. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walijiunga na Sekondari Pevu Januari 2026, wamegawanywa katika mikondo mitatu. Ilikuwa imependekezwa kwamba hisabati iwe ya hiari kwa wengine, na ni baada ya malalamiko ndipo Wizara ilipotangaza mwaka wa 2025 kwamba kila mmoja ataisoma: ya kina kwa walio katika mkondo wa sayansi, na nyepesi kwa wengine. Uamuzi huo ni afadhali kuliko pendekezo la kwanza. Lakini mtoto wa miaka 15 anayechagua sayansi ya jamii kwa sababu anapenda uchumi anaweza kugundua akiwa na miaka 20 kwamba uchumi wa leo umeandikwa kwa lugha ya hisabati ile aliyoiacha. Ni nani atakayemwambia mapema? Shule nyingi hazina mwalimu wa ushauri wa kazi, au anaye lakini ndiye pia mwalimu wa michezo na msimamizi wa bweni. Ikiwa sehemu ya hisabati nyepesi itakuwa riba, bima, mikopo na uwezekano uliofunzwa kwa makini, huenda tukaokoa mitamba mingi. Ikiwa itakuwa hisabati ile ile iliyokatwa mikono na miguu, basi tutakuwa tumewapa wauzaji wa foreksi wateja wapya kila mwaka.

Wala nisieleweke kwamba fomula ni kinga. Mwaka wa 1998 kampuni ya Long-Term Capital Management ya Marekani iliporomoka ilhali Scholes na Merton, wale wa Tuzo ya Nobel, walikuwa miongoni mwa wabia wake. Mabenki 14 yalilazimika kuchanga takriban dola bilioni 3.6 ili kuiokoa isiangushe wengine. Hesabu zao hazikuwa na makosa ya kujumlisha. Walikopa mno, na wakadhani kwamba mambo ambayo hayajawahi kutokea pamoja hayatatokea pamoja. Yule kijana aliposikia kisa hicho alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Kumbe hata wao, Mwalimu?" Nikamwambia naam, hata wao, ila mtamba wao alikuwa mkubwa zaidi.

Tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, kwamba atamweleza mama yake ukweli kabla ya muhula kufunguliwa, nami nitakuwapo akinihitaji. Hilo alilitimiza, na sitaeleza yaliyosemwa jikoni mle. La pili, kwamba kila Jumamosi jioni atanipigia simu na kunieleza fumbo moja alilolitatua na jinsi alivyolitatua. Hadi sasa amepiga mara saba. Juma lililopita ni mimi niliyempa fumbo, na walimu wanaweza kulipeleka darasani Jumatatu, kwani halihitaji chochote isipokuwa sarafu ya shilingi kumi, ile yenye simba upande mmoja na ngao upande wa pili. Wanafunzi wawili wanarusha, kila mmoja na sarafu yake. Wa kwanza anasubiri mpaka apate simba na simba mfululizo. Wa pili anasubiri mpaka apate simba kisha ngao. Je, kwa wastani, watasubiri sawa? Darasa zima litajibu ndiyo, maana uwezekano wa kila jozi ni robo. Waache warushe, waandike hesabu ubaoni mpaka kengele ilie. Hawatasubiri sawa.